Mkono wa Bibi Katikati ya Mji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alimpelekea bibi yake chai. Aliibeba katika chupa ya kijani ambayo kizibo chake kilipotea zamani, ikawa inazibwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Mkono wa pili ulishika mkate uliofungwa kwa gazeti. Bibi yake alikuwa mfagiaji wa barabara. Saa moja, wenye maduka walipokuwa wanafungua makufuli, yeye alikuwa amekwisha kufagia kutoka posta hadi sokoni, ameketi kwenye ukingo wa barabara, miguu ameinyoosha, anasubiri chai yake.

"Umechelewa," Bibi alisema kila siku, hata siku ambayo mjukuu wake hakuchelewa.

"Nimewahi, Bibi. Ni wewe unayefagia kama unakimbizwa."

"Ongea kidogo, mimina chai."

Kuongea kidogo ndiko kulikomshinda mtoto huyo. Jina la Kasuku alipewa na mwalimu wa darasa la pili aliyekuwa amechoka kumnyamazisha. Sasa alikuwa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, na mdomo wake haujapumzika hata siku moja. Kwa habari zote za mtaani, hukuwa na haja ya redio.

Mji wao ulikuwa mdogo. Ukipiga chafya posta, mtu wa sokoni anakwambia afya. Lakini miaka miwili iliyopita wakuu wa mji waliamua kuupamba katikati yake, na watu waliocheka mwanzoni sasa walikuwa wanawaleta wageni kuja kuona. Mbele ya vibanda vya mafundi baiskeli alisimama punda aliyeungwa kwa minyororo, pedali na fremu kuukuu, na masikio yake yalikuwa viti viwili vya baiskeli. Ngazi za kushukia sokoni zilipakwa rangi, kila kidato na yake, na watoto walishuka wakizitaja kwa sauti. Ukuta mrefu wa posta, uliokuwa umejaa matangazo yaliyochanika, ulikabidhiwa shule ya Kasuku ili wanafunzi wachore juu yake kazi za watu wa mji: washonaji, wauza mboga, wapiga rangi viatu.

Bado palikuwa na kazi moja, na ndiyo iliyosubiriwa na wengi. Kwenye njia panda kubwa, pale bomba la zamani lilipong'olewa, palitakiwa sanamu. Watu walidhani itakuwa ya mheshimiwa fulani mwenye koti na kitambi. Mchongaji aliyepewa kazi hiyo, mwanamke mrefu ambaye mji mzima ulimwita Mama Saruji, aliwaambia wakuu wazi mkutanoni: "Waheshimiwa wana barabara zenye majina yao. Anayezifagia hana hata uchochoro. Mimi nitamjenga mfagiaji." Wakuu wakatazamana, wakakohoa, wakakubali.

Kisha Mama Saruji akamfuata Bibi barabarani na kamba mfukoni. Alimpima vidole kimoja kimoja, akapima kiganja, akamwomba ashike fagio kama anavyolishika siku zote. Bibi alikuwa na kidole kidogo kilichopinda tangu siku mkokoteni wa taka ulipombana.

"Hiki kinyooshe, mwanangu," Bibi alimwambia. "Sitaki watu wanitazame na upogo huu mpaka nitakapokuwa nimezikwa."

"Nikikinyoosha, atakuwa mtu mwingine, mama."

Basi habari hiyo Kasuku aliitangaza shule nzima kabla ya mapumziko. Sanamu yote ilikuwa ya wafagiaji wote, lakini mkono! Mkono ulikuwa wa bibi yake. "Mtu yeyote akija mji huu," alisema, "atapokewa na mkono wa bibi yangu."

"Haya, mjukuu wa sanamu," alisema rafiki yake. Huyo aliitwa Rula kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba, na pia kwa sababu ndiye aliyepiga miraba ukutani pa posta kwa uzi uliopakwa chaki, mistari yote ikanyooka. "Je, sanamu nayo itaongea kama wewe? Maana hapo mji utahama."

Watoto walicheka, Kasuku akacheka zaidi yao. Alikuwa anatembea kifua mbele siku hizo.

Sanamu ilijengwa palepale njia panda, ndani ya uzio wa mabati wenye mlango na kufuli. Kwanza zikasimamishwa nondo, zikavalishwa wavu wa waya, kisha ikapakwa saruji tabaka kwa tabaka. Mchanganyaji wa saruji alikuwa Mzee Beleshi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyepewa jina la chombo chake cha kazi. Hakuwahi kupima kwa mizani. Alihesabu mabeleshi yake kwa kunong'ona, akachota mchanganyiko kwenye kiganja, akaufinya, akautazama. Ukimpendeza, alisema "Huyo!" na kazi ikaendelea. Usipompendeza, aliuchanganya upya. Nusu ya nyumba za mji ule zilisimama juu ya "Huyo!" yake.

Mkono wa kulia, ule ulioshika fagio, uliachwa hadi mwisho. Ulimalizwa siku ya Alhamisi jioni. Ijumaa Kasuku alipopita kuutazama, Mama Saruji alimwita ndani ya uzio.

"Nasikia unajisifia mkono huu mjini kote."

Kasuku akaangalia chini. "Ni wa bibi yangu."

"Sikukatazi. Ila anayejisifia kitu akitunze. Mimi kesho na keshokutwa nasafiri kufuata jiwe la maandishi, la kuweka miguuni pa sanamu. Mzee Beleshi ana kazi nyingine mwisho wa wiki. Nataka mtu wa kuumwagilia mkono huu. Unaweza?"

"Kumwagilia tu? Naweza hata nikiwa nimefumba macho!"

"Ukiwa umefumbua itatosha. Sikiliza." Mama Saruji akagusa magunia yaliyolowa, yaliyouzunguka mkono kama bandeji. "Watu husema saruji inakauka. Si kweli. Saruji inaiva. Ni kama maharage: ukiyanyima maji kabla hayajaiva, umeharibu chungu kizima. Asubuhi, saa sita, saa kumi. Mara tatu. Magunia yasikauke hata mara moja, hasa na jua hili. Ukiyakuta yameanza kuwa mepesi, ujue umechelewa."

"Asubuhi, saa sita, saa kumi," Kasuku akakariri, na ufunguo wa kufuli ukatiwa kiganjani mwake. Alirudi nyumbani akiwa ameufunga shingoni kwa uzi, juu ya nguo, ili kila mtu auone.

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, akachota maji ndoo mbili, akayalowesha magunia polepole mpaka yakadondosha. Kazi safi. Alikuwa anafunga mlango wa mabati alipomwona Rula anakuja mbio, nywele zina rangi ya samawati.

"Wewe! Wanakutafuta! Mwalimu anataka rangi ya uso wa mshonaji, na kila mtu akichanganya inatoka kama tope. Anasema wewe tu ndiye unayejua."

Maneno ya namna hiyo ni matamu kuliko sukari. Kasuku alikwenda, akisema moyoni kwamba saa sita bado iko mbali. Alichanganya kahawia, nyekundu kidogo na njano kidogo zaidi, na uso wa mshonaji ukatokea ukutani ukiwa hai. Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Mtu mmoja akasema, "Huyu mtoto ana mkono!" Baada ya uso ikaja shingo, baada ya shingo mashine ya kushonea. Kutoka ukuta wa posta hadi uzio wa mabati zilikuwa hatua mia moja tu, akigeuka, aliuona. Saa sita alipogeuka alisema, "Nikimaliza gurudumu hili." Saa nane alisema, "Asubuhi nilimwaga maji mengi." Saa kumi, mwalimu alipokuwa anakusanya brashi, Kasuku alikuwa amechoka, ana njaa, na alikwenda nyumbani.

Jumapili ilianza na upepo mkavu. Ukuta ulikuwa unamngoja, na anga lote la mchoro lilikuwa bado jeupe. Alisema atapita kwanza njia panda, lakini Rula alikuwa amekwisha kupanda ngazi ya mbao na anaita, na anga likamlia siku nzima. Alikumbuka saa kumi na moja, akiwa anaosha mikono. Alikimbia. Akafungua kufuli.

Magunia yalikuwa yamekakamaa kama mkate wa juzi. Alipoyagusa yalitoa vumbi.

Kasuku hakupiga kelele, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Alichota ndoo moja, ya pili, ya tatu, akamwaga zote kwa mpigo, kana kwamba mkono utasahau siku mbili kwa kunyweshwa mara moja. Saruji ilitoa sauti ndogo, sss, kama kikaango, na ikayanywa maji yote. Alimwaga tena. Kisha akayapanga magunia vizuri, akafunga kufuli, akajiambia: jiwe ni jiwe. Litafanya nini?

Jumatatu Mama Saruji alirudi na jiwe lake. "Uliunywesha mkono?"

"Niliunywesha."

"Mara tatu kila siku?"

"Mara tatu."

"Safi. Mkono wa bibi yako huo," Mama Saruji akasema, akapokea ufunguo.

Jumanne baada ya masomo, magunia yakavuliwa ili afisa wa mji aje kuona kazi ilipofikia. Kasuku alikuwapo. Mzee Beleshi alikuwapo, amevaa shati safi kwa ajili ya siku hiyo. Gunia la mwisho lilipotoka, ufa ulionekana. Ulianzia kwenye kifundo cha mkono, ukazunguka kama bangili, na mwingine mwembamba ukapanda hadi mzizi wa kidole kilichopinda. Mama Saruji aligonga kwa mpini wa mwiko wake. Kifua cha sanamu kilitoa sauti nzito, ya jiwe. Mkono ulilia kama debe tupu.

Kisha afisa wa mji akatoa leso, akajifuta shingo.

"Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wageni wamekwisha kualikwa. Hili limetokeaje?"

Mama Saruji alikuwa anausugua ule ufa kwa kidole gumba. Vumbi lilitoka. "Saruji imekuwa legelege. Ama imekosa maji, ama imezidishiwa mchanga." Akamgeukia Kasuku. "Maji ilipata?"

Kila mtu alimtazama. Ulimi ambao haujawahi kulala ulilala.

"Ilipata," akasema.

"Basi ni mchanga," akasema afisa. "Mzee, umri umekwenda. Pengine ulikosea kuhesabu. Si vibaya, lakini tutatafuta mtu mwingine wa kumalizia."

Mzee Beleshi hakubishana. Aliutazama ule ufa kwa muda mrefu, akachota vumbi lake, akalifinya kwenye kiganja kama alivyozoea. Hakusema "Huyo!" Alichukua beleshi lake, akalifuta kwa kipande cha gunia, akatoka.

Jioni ile Kasuku hakuongea mezani. Mama yake alimpima homa kwa kiganja. Bibi alimtazama tu juu ya kikombe chake, akasema, "Leo nyumba imekuwa kubwa."

Kesho yake asubuhi alipeleka chai kama kawaida, lakini alipita njia ya vibanda vya mafundi baiskeli ili asiione njia panda. Huko ndiko alikomkuta Mzee Beleshi. Alikuwa ameketi kwenye tofali, mgongo ameuegemeza kwa yule punda wa minyororo, beleshi limelala miguuni. Mafundi walikuwa wanamtania, si kwa ubaya, kama watu wanaojuana wanavyotaniana.

"Mzee, siku hizi unajenga kwa mchanga mtupu?"

"Mwacheni. Anataka sanamu iwe nyepesi, ipeperuke."

"Mzee, nyumba yangu umeijenga wewe. Leo nilale nje?"

Siku nyingine angewajibu hata wakakosa pa kukimbilia, maana Mzee Beleshi kwa utani hakuwa mnyonge. Siku hiyo alitazama viganja vyake, akavigeuza, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha humo.

Kasuku alisimama na chupa ya chai mpaka ikaanza kumuunguza mkono. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja njia panda. Mama Saruji alikuwa ndani ya uzio peke yake, anachora mistari ya chaki kwenye mkono, mahali pa kuvunjia.

"Shikamoo. Sikumwagilia," Kasuku akasema, kwa pumzi moja, kabla hajaitikiwa. "Jumamosi nilimwagilia asubuhi tu. Jumapili sikuja mpaka jioni. Magunia yalikuwa makavu kabisa, nikamwaga ndoo nyingi kwa mara moja. Nilikuwa nachora posta. Mchanga haukuzidi. Nilisema uongo, jana na juzi pia."

Mama Saruji aliiweka chaki chini. Alikuwa mtu wa maneno makali, na Kasuku aliyasubiri. Hayakuja.

"Mimi umenipotezea mkono," akasema. "Mkono nitaujenga tena. Aliyepotezewa zaidi si mimi. Nenda ukamwambie yeye."

"Pale mbele ya mafundi?"

"Alipakwa tope mbele ya watu. Unataka kumwosha chumbani?"

Hatua za kurudi kwa mafundi baiskeli zilikuwa chache, lakini Kasuku hakuwahi kutembea safari ndefu kama ile. Mama Saruji alimfuata nyuma. Walipofika, mafundi wakanyamaza, kwa kuwa mtoto alikuwa analia na alikuwa amesimama wima.

"Babu," akasema, "mchanganyiko wako ulikuwa mzuri. Ni mimi sikuumwagilia mkono. Nikasema nimeumwagilia. Naomba unisamehe."

Fundi mmoja aliachia spana, ikalia chini.

"Unajua nimefanya nini tangu jana?" mzee akauliza taratibu. "Nimekuwa nahesabu. Saruji beleshi moja, mchanga mawili. Nahesabu, narudia, nahesabu. Mpaka asubuhi hii nikaanza kuona labda kweli nilikosea. Labda hata nyumba zile nilikosea. Mtu wa miaka yangu, nikaacha kuamini mikono yangu mwenyewe. Ndicho ulichonifanyia, mjukuu wangu. Ufa wa saruji ni kitu kidogo."

Kasuku alijifuta machozi kwa mkono wa shati.

Mzee akashika beleshi, akajiinua. Aligeuka kwa mafundi. "Na nyinyi mnaotaka kulala nje, laleni! Mvua iwanyeshee. Nyumba zangu hazitikisiki." Mafundi wakapiga kelele za kumshangilia, na mmoja akagonga kengele ya baiskeli. Mzee akamtazama Kasuku. "Nimekusamehe. Mpelekee bibi yako chai, jioni uje. Kuna mkono wa kuvunja."

Bibi aliposikia, alikuwa amekaa palepale ukingoni, anaingoja chai ambayo kwa kweli siku hiyo ilichelewa. Alisikiliza hadi mwisho bila kugusa kikombe.

"Kwa hiyo umenivunja mkono bila kunigusa," akasema.

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Ila leo sina hamu ya kuongea nawe. Mimina chai, uende."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jioni ile Mama Saruji alimpa Kasuku nyundo ndogo na tindo. "Piga wewe kwanza." Kasuku akapiga. Kipande cha kwanza kuanguka kilikuwa kile kidole kilichopinda. Kiliangukia mchangani, kikakatika mara mbili. Waliendelea Mama Saruji na Mzee Beleshi, mpaka zikabaki nondo na waya. Alhamisi mchana mzee alichanganya upya, akafinya, akatazama. Mafundi baiskeli walikuwa wamekuja kuchungulia juu ya mabati.

"Huyo!" akasema Mzee Beleshi, kwa sauti ya kusikika hadi posta.

Mama Saruji alifinyanga mkono akiwa na ile kamba yake yenye mafundo ya vipimo. Alipomaliza kidole kidogo, akakipinda. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea Kasuku. Kasuku alirudi nyuma.

"Bado unaniamini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakupa. Siku saba, mara tatu kwa siku. Zitaisha Alhamisi. Jumamosi ni uzinduzi. Hakuna nafasi ya ufa mwingine."

Safari hii ufunguo ulikaa ndani ya nguo, haukuonekana na mtu. Kasuku alimwagilia kabla ya shule. Saa sita alipewa ruhusa na mwalimu, akatoka mbio, akamwagilia, akarudi mbio na kula mkate wake akitembea. Saa kumi alimwagilia tena, akaingiza mkono chini ya gunia kuhakikisha unyevu umefika hadi ndani. Ijumaa jioni mabega yaliuma. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na ndiyo siku wanafunzi wote walipotakiwa kuweka alama za viganja vyao chini ya mchoro wa posta, kila mtu kwa rangi aliyoitaka. Mwalimu alisema rangi ya kulinda ukuta itapakwa juu yake mchana huohuo.

Saa sita kasoro dakika chache Rula alikuja kwenye uzio. "Njoo sasa hivi! Dakika kumi tu. Wamefika mwisho wa mstari!"

Kasuku alikuwa na ndoo mkononi. Bomba la jirani siku hiyo lilitoa maji kwa kukohoa, tone kwa tone. Aliitazama ndoo, iliyofika robo. Alitazama magunia; jua lilikuwa linayalamba.

"Saa sita ni saa sita," akasema. "Mwambie mwalimu nitakuja nikimaliza."

"Wataziba ukuta!"

"Wazibe."

Rula alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha akaingia ndani, akaishika ndoo upande mmoja, na wakaingoja pamoja. Walipofika posta, mwalimu alikuwa anapaka rangi ya kulinda, amekwisha kuvuka sehemu ya viganja. Viganja tisini na vitatu viling'aa mstarini. Cha Kasuku hakikuwapo, na hapakuwa na la kufanya.

Alhamisi iliyofuata magunia yalivuliwa. Mama Saruji aligonga kifua cha sanamu, kikatoa sauti nzito. Aligonga mkono. Ukatoa sauti ileile. Akagonga tena kwenye kidole kilichopinda, sauti ileile. Mzee Beleshi alimpa Kasuku mkono wake mpana, wenye ngozi ngumu kama gamba, wakapeana kama watu wazima.

Siku ya uzinduzi njia panda ilijaa. Wenye maduka walitoka, wauza mboga walitoka, mafundi baiskeli walimvalisha punda wao shada la maua ili naye asijisikie mnyonge. Afisa wa mji alihutubia, akamwita Mzee Beleshi mbele, akamwomba radhi kwa kipaza sauti, kisha akamwomba yeye avute kitambaa. Kitambaa kikaanguka. Alisimama pale mwanamke wa saruji, kiuno kimeinama kidogo, kichwa kimeinuliwa, amelishika fagio lake kama mkuki. Kisha mtu mmoja akapaza sauti:

"Jamani, tazameni kidole! Huyo si yule bibi wa fagio?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakamtafuta Bibi kwa macho. Wafagiaji wenzake, waliokuja na sare zao za kazi, wakamsukuma mbele. Bibi alificha mkono wake nyuma kwa aibu, halafu akautoa, akauinua juu, kidole kimepinda mbele ya mji mzima. Kelele zilizopigwa ziliwarusha njiwa wote wa sokoni. Kwenye jiwe chini ya sanamu yaliandikwa maneno manne: Kwa mikono inayoamka mapema.

Watu walipopungua, watoto wa darasa la kwanza walimzunguka Kasuku. Walijua kwamba yeye ndiye mwenye habari.

"Hii umeitengeneza wewe?"

Kasuku aliyekuwa Kasuku wa zamani angejibu ndiyo. Huyu aliketi kwenye jiwe, akaanza. "Aliyeijenga ni Mama Saruji, yule pale. Aliyechanganya saruji ni Mzee Beleshi, hakosei hata beleshi moja. Mkono ni wa bibi yangu. Na mkono huu ni wa pili. Wa kwanza ulipasuka kwa sababu yangu. Niliambiwa niumwagilie, sikuumwagilia, nikasema uongo." Watoto wakaguna. "Wa pili niliumwagilia siku saba. Uguseni. Gongeni. Haulii kama debe."

Watoto wakagonga, mmoja baada ya mwingine.

Bibi alikuwa nyuma yao. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri, lakini mkononi ana fagio, kwa maana watu wameondoka na wameacha makaratasi, maganda na maua yaliyokanyagwa. Alimpa Kasuku fagio la pili, wakaanza kufagia kuizunguka sanamu.

"Rula ameniambia habari ya viganja," Bibi akasema. "Umeumia?"

"Kidogo. Wote wapo ukutani, mimi sipo."

Bibi alifagia hatua tatu kabla ya kujibu. "Mimi nimefagia mji huu miaka thelathini na mmoja. Barabara ikiwa safi, hakuna anayeuliza ni nani aliyefagia. Ikiwa chafu, wote wanauliza. Kazi nyingi nzuri ndivyo zilivyo, mjukuu wangu. Maji uliyomwaga hayaonekani popote, lakini ndiyo yanayoushika mkono ule. Ukifanya kazi ili uonekane, utaiacha siku ambayo hakuna anayekutazama. Na ukiiacha, usiongeze uongo juu yake. Kazi iliyoharibika hujengwa upya kwa siku saba. Jina la mtu ulilolichafua linataka siku nyingi zaidi, na wewe una bahati kwamba yule mzee moyo wake ni mpana kuliko mabega yake."

"Nimeelewa, Bibi."

"Najua umeelewa. Nimesikia ulivyowaambia watoto wale. Leo ndipo nimeringa kuwa bibi yako, si wakati kile kitambaa kilipoanguka." Akaonyesha kwa fagio. "Ila pale pembeni umeacha ganda la chungwa."

Kasuku akacheka, akarudi kulifagia.